Fagio la Mwanza na sanduku la babu

Kuna kisa kimoja cha vita ambacho nimekisimulia mara nyingi kuliko kingine chochote. Nimekisimulia darasani, kwenye vijiwe vya kahawa, hata msibani. Huenda na wewe msomaji umewahi kukutana nacho.

Mwaka ni 1964. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani huku kwetu katika Vita Kuu ya Kwanza, amefariki mwezi Machi. Bunge la Ujerumani Magharibi linaamua kwamba askari Waafrika waliobaki hai walipwe malimbikizo ya mishahara yao ya vita ile. Ofisi ya muda ya malipo inafunguliwa Mwanza. Wazee wapatao 350 wanajitokeza. Wachache tu wana vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine wameleta vipande vya sare iliyochakaa, wengine hawana kitu mkononi. Basi yule mtu wa benki aliyeleta fedha anapata wazo. Kila mzee anaitwa mbele, anakabidhiwa fagio, kisha anapewa amri kwa Kijerumani afanye mazoezi ya silaha kana kwamba fagio ni bunduki. Inasemekana hakuna hata mzee mmoja aliyeshindwa.

Charles Miller alikiweka kisa hiki katika kitabu chake *Battle for the Bundu* cha mwaka 1974, na tangu hapo kimenakiliwa huku na huko mpaka kimekuwa kama ngano. Na kwa kweli kinanoga. Kina mwanzo, kina kikwazo, kina werevu, na mwisho kila mtu anapata chake. Nilikipenda kwa sababu nilidhani kinawapa heshima wazee wetu: karatasi zimeoza, lakini mwili haujasahau.

Siku hizi sikipendi tena. Kilichonibadilisha ni sanduku la bati la babu yangu, na siku tatu nilizokaa nalo mwaka jana kijijini kwetu, Shinyanga Vijijini.

Nianze na jinsi nilivyoitwa. Baba mdogo alinipigia simu akasema, "Mwalimu, njoo usome makaratasi ya guku kabla hayajaondoka." Nikauliza yanaondoka kwenda wapi. Akanijibu kwamba yuko mtu upande wa Geita anayetafuta karatasi za zamani zenye mihuri ya Mzungu, na ameahidi hela nzuri.

Wanaokaa kwetu watakuwa wameshaelewa. Kwa wengine nieleze kidogo. Katika ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, kila kitu cha kale ni dalili ya mali. Likionekana jengo la Mjerumani lililobomoka, watu watachimba chini ya sakafu yake. Wapo wanaozunguka na vipima madini wakitafuta "mali ya Mjerumani", na wapo waliouza ng'ombe wakinunua siri ya mahali zilipofukiwa rupia. Imani hii haikuzuka hivi hivi. Wajerumani walitafuta dhahabu kweli huku, na mwaka 1916, fedha zilipowaishia vitani, walitengeneza sarafu ya dhahabu ya rupia 15 pale Tabora, yenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke. Mwaka huohuo vikosi vya Waingereza vilipita Shinyanga vikitoka Mwanza kuelekea Tabora. Kwa hiyo mtu akiwaza kwamba Mjerumani alikimbia akaacha kitu ardhini, hajawaza upuuzi mtupu.

Tatizo ni kwamba babu yangu hakuwa askari wa Mjerumani. Alikuwa Keya, King's African Rifles, jeshi la Mwingereza, tena vita ya pili. Karatasi zake ni za mwaka 1946. Nilipomweleza baba mdogo, alicheka. "Nimemwambia. Kasema Mjerumani, Mwingereza, wote walikuwa wanapenda dhahabu."

Sasa tufungue sanduku. Nitalisoma kama ninavyosoma kitabu, maana hiyo ndiyo kazi ninayoijua.

Kitu cha kwanza ni nishani, nyota ya rangi ya shaba yenye ncha sita, ile waliyopewa waliopigana Burma. Utepe wake umebaki nyuzi. Kama babu alikwenda na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kama tulivyoambiwa nyumbani, basi alipita Bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944, njia ya matope na malaria, mpaka mji wa Kalewa ulipotekwa tarehe 2 Desemba. Lakini nyota yenyewe haisemi lolote kuhusu hayo. Nyota za vita ile Waingereza walizigawa bila kuchonga jina la aliyezipata. Zote zinafanana. Ukiichukua ukaiweka kwenye sanduku la jirani, inakuwa ya jirani. Mnunuzi wa dhahabu alishaipima kabla sijafika: akaiweka kwenye mzani, akaichovya majini, akairudisha. "Si yenyewe," akasema. Baba mdogo alinisimulia hayo kwa masikitiko, kama vile babu ndiye aliyefeli.

Kitu cha pili ni picha. Vijana watano wamesimama mbele ya hema, kofia zimelalia upande mmoja. Nyuma hakuna maandishi. Bibi aliyekuwa akiwajua kwa majina amekwishafariki, na sisi tunajua mmoja tu.

Kitu cha tatu ni cheti cha kuachishwa jeshi, na hapa nilikaa muda mrefu. Ni fomu ya Kiingereza iliyojazwa kwa mkono wa karani. Kuna jina, ila karani hakuweza "Ng'w" ya Kisukuma, akaandika "Mw", kwa hiyo aliyerudi kutoka vitani kwenye karatasi si mtu aliyeondoka nyumbani. Kuna namba. Kuna urefu wake kwa futi na inchi. Kuna alama za mwilini: kovu kwenye goti la kushoto. Kuna tabia: nzuri sana. Na chini, mahali pa sahihi, kuna dole gumba.

Angalia fomu ile inavyofanya kazi. Maneno yote yaliyomo yanamhusu babu, lakini hakuna hata moja alilolisema yeye. Anapimwa, anaelezwa, anasifiwa, kisha anaambiwa aweke kidole. Ukikisoma cheti peke yake utadhani huyu mtu hakujua kusoma wala kuandika. Na mimi niliamini hivyo, mpaka nilipokigeuza.

Nyuma ya cheti kuna maandishi ya penseli. Herufi ni kubwa, zimeinama, maneno mengine ya Kiswahili, mengine ya Kisukuma. Juu ameandika: *Ng'ombe za Bama*. Chini yake mistari sita. Mitamba miwili kwa mjomba. Dume moja, deni la shangazi. Jike moja kwa mama. Na kuendelea. Kila mstari umekatwa kwa penseli, yaani umekwisha, umelipwa. Isipokuwa wa mwisho. Mstari wa mwisho unasema ng'ombe mmoja kwa watu wa fulani, Salawe. Jina silitaji hapa. Haukukatwa.

Nilimuuliza baba mdogo huyo fulani ni nani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Si mmojawapo wa hao wa kwenye picha? Aliyebaki huko."

Hapo ndipo kisa cha fagio kilipoanza kuniuma. Nirudi Mwanza.

Kisome tena kisa kile taratibu, uhesabu nani anazungumza. Jenerali ana jina. Bunge lina uamuzi. Mtu wa benki ana werevu. Amri zina lugha, Kijerumani. Wazee 350 wana nini? Wana mikono. Hakuna hata sentensi moja iliyotoka kinywani mwa mzee yeyote. Hakuna aliyeulizwa ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, nani hakurudi. Kisa kinadai kwamba mwili umekuwa cheti, na ni kweli, umekuwa cheti kama kile cha babu upande wa mbele: urefu, kovu, tabia nzuri sana. Upande wa nyuma hakuna aliyeugeuza.

Tena tazama nani anamdai nani. Mjerumani ndiye mwenye deni. Wazee ndio wadai. Lakini anayetakiwa kujithibitisha, tena kwa kusimama mguu sawa uzeeni akiwa na fagio begani, ni mdai. Tunacheka kwa sababu wote walifaulu. Lakini je, mzee mmoja angekuwa na kiharusi? Mkono mmoja uliovunjika? Utii ndio uliokuwa risiti.

Kuna jambo kubwa zaidi. Jaribio lile lilimfaa askari peke yake. Vita ile ilibebwa na wapagazi. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wamesifika kwa upagazi tangu enzi za misafara, na pande zote mbili ziliwachukua watu kwa maelfu, wengi wao kwa nguvu. Walikufa makumi ya maelfu, kwa njaa na kuhara na uchovu kuliko kwa risasi. Mpagazi hakufundishwa gwaride. Ukimpa fagio, atakachojua ni kulibeba. Alama kubwa aliyoachiwa ni jina la soko, Kariakoo, ambalo ni Carrier Corps iliyotafunwa na ndimi zetu. Kwa hiyo tunaposema "hakuna hata mmoja aliyeshindwa", tukumbuke kwamba walioshindwa hawakuitwa kwenye mtihani.

Mtu ataniambia: wewe unachambua mno, wazee walitaka hela, hela walipata. Sawa. Nami sidharau hela ile, ingawa ilichelewa zaidi ya miaka 45. Lakini hapa ninahukumu kisa, na kisa kina kazi yake. Ujerumani, baada ya kunyang'anywa makoloni, ilipenda sana kusimulia habari za askari mwaminifu aliyemfuata jenerali wake mpaka mwisho. Ilikuwa hoja ya kudai makoloni yarudishwe. Kisa cha fagio kinakaa vizuri sana kwenye rafu hiyohiyo.

Mweke pembeni yake Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, naye akaingia jeshi la Mjerumani akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin na kudai mishahara ambayo baba yake na yeye hawakulipwa. Alikataliwa. Baadaye akaomba beji ya waliopigana mstari wa mbele. Akakataliwa tena. Aliendelea kuishi kule, akafundisha Kiswahili, akaigiza katika filamu. Mwishowe alifungwa katika kambi ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Huyu alikuwa na mwili uleule, gwaride lilelile, na Kijerumani kizuri zaidi. Tofauti yake ni kwamba hakungoja kuitwa mbele. Alidai kwa maandishi.

Wasomaji wa Abdulrazak Gurnah watakuwa wamemkumbuka Ilyas wa *Afterlives*, riwaya ya mwaka 2020, ambaye anapotelea Ujerumani mpaka kijana wa familia anapokwenda kumtafuta katika nyaraka. Wengi waliozungumzia riwaya ile hukazia mwisho huo. Mimi, baada ya kukaa na sanduku, nimevutwa na kitu kidogo zaidi: kitabu cha Schiller. Hamza, askari kijana, anafundishwa Kijerumani na ofisa wake, na vita inapowatenganisha ofisa anamwachia kitabu kile. Ni kumbukumbu ya vita, na ni kumbukumbu yenye sumu, maana upendo wa yule ofisa una dharau ndani yake. Msomaji anangoja kuona Hamza atakitupa au atakiabudu. Hafanyi lolote kati ya hayo. Anachukua beti humo, anazitia katika Kiswahili, na kumwandikia Afiya, mwanamke anayempenda.

Nadhani hapo Gurnah ameona jambo ambalo wanahistoria wengi hupita juu yake. Kitu cha vita kinakuwa mali ya askari siku ile anapokitumia kwa shughuli yake mwenyewe. Kabla ya hapo ni mali ya jeshi iliyoachwa mikononi mwake. Kitabu cha ofisa kilikuwa cha Hamza alipokiandikia barua ya mapenzi. Cheti cha Mfalme kilikuwa cha babu alipokiandikia ng'ombe.

Na fasihi yetu ya Kiswahili je? Vita tunayo kwa wingi, ila tunaitazama kutoka juu. Shaaban Robert ametuachia *Utenzi wa Vita vya Uhuru*, beti elfu tatu juu ya vita ya 1939 hadi 1945, uliochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Ni kazi kubwa na siwezi kuibeza. Lakini Shaaban alikuwa mtumishi wa serikali, hakwenda vitani, na utenzi wake unatembea kwa miguu ya mataifa na viongozi wao. Hata jina lina swali ndani yake: vita vya uhuru wa nani, wakati Tanganyika yenyewe ilikuwa bado chini ya Mwingereza? Mtu wa Salawe aliyezikwa Burma hana pa kusimama katika beti zile.

Cha ajabu, Shaaban huyohuyo alijua kuandika kwa sauti ya chini. Zile barua zake kwa mdogo wake Yusuf Ulenge, zilizokusanywa na Mulokozi na kuchapishwa mwaka 2002, zimejaa mambo ya nyumbani ya mtu wa kawaida. Humo unamkuta mwenyewe. Ningetoa beti mia za utenzi nipate barua moja ya namna ile kutoka kwa askari wa Keya. Askari walikuwa na magazeti ya Kiswahili ya jeshi, *Askari* na *Heshima*, lakini yale yaliandaliwa na wakubwa kwa ajili ya wakubwa kusikika. Ninachokitafuta mimi ni upande wa nyuma wa karatasi.

Ndiyo maana nasema orodha ya babu ni maandishi ya vita, na ni bora kuliko kisa cha fagio. Haina risasi hata moja. Lakini ndani ya mistari sita unaona mshahara wa Burma ukigeuka kuwa ng'ombe, ng'ombe wakigeuka kuwa undugu, na mstari mmoja ukikataa kufungwa. Tena angalia nani anaandika. Mwanza, mwenye deni alikaa mezani akadai ushahidi. Huku, mwenye deni amechukua penseli akajiandikia mwenyewe deni ambalo hakuna mtu angeweza kulithibitisha. Shahidi pekee alikuwa amekufa. Hakumpa mjane fagio.

Je, alilipa akasahau kukata? Au hakulipa? Siku ya tatu tulilizungumza kwa sauti ya juu kidogo. Baba mdogo alisema miaka imepita, watu wenyewe labda wamehama, na ng'ombe wa leo si wa bei ile. Nikamwambia, "Baba, hivyo ndivyo walivyosema Wajerumani mpaka 1964." Hakufurahi. Akaniambia elimu imenipa mdomo. Nilimwomba radhi, maana yeye ndiye aliyelitunza sanduku lile miaka yote wakati mimi nilikuwa mjini nikisimulia visa vya watu wengine.

Mnunuzi alikuja jioni ile kwa pikipiki. Kijana mwenye heshima, alitusalimia vizuri, "shikamooni wazee". Alikishika cheti, akakiinua kwenye mwanga akitafuta ramani. Akakigeuza. Akasoma ile orodha kwa kidole, neno kwa neno, kwa sababu naye ni Msukuma. Akauliza, "Hawa ng'ombe wako wapi?" Baba mdogo akamjibu, "Wote walishakwenda, kasoro mmoja." Kijana akakirudisha mezani kwa mikono miwili. Kwamba hakikuwa na faida kwake au kwamba aliona haya, sijui, sikumuuliza.

Sanduku limebaki. Nimepiga picha kila karatasi, mbele na nyuma. Nakuomba nawe ufanye hivyo kwa lililoko kwenu, maana mchwa hawana subira. Na ukienda kwenye nyaraka au makumbusho, ukaoneshwa cheti ndani ya kioo, waulize kama upande wa pili umesomwa.

Salawe nilikwenda mwezi uliofuata, peke yangu, na nakala ya ile picha ya vijana watano. Ukoo ule bado upo. Mzee mmoja aliitazama picha muda mrefu, akaniwekea kidole kwenye wa pili kutoka kulia. Ya ng'ombe hakuniuliza. Nimemwambia baba mdogo, naye amesema tungoje mavuno.